Makaburi Si Jalala

Leo sina video, nina maneno tu, kwa hivyo mimina chai ukae.

Wiki tatu zilizopita nilimwambia mathe kwamba najenga deki. Akaniangalia kutoka kichwa hadi viatu, akasema, "Anza na ya sebuleni. Ndoo iko nje." Kwake deki ni moja tu, ile ya maji na tambara. Nikapiga deki ya sebule, sakafu ikakauka, halafu nikamwaga kadi zangu mia moja hapo chini. Akarudi na kikombe cha chai mkononi.

"Na hii ni nini?"

Nikamwonyesha. Hizi ambazo hazijachezwa zinaitwa maktaba. Hizi ni za mkononi. Hapa katikati ni uwanja wa vita.

"Na hapo pembeni?"

Hapo pembeni, mathe, ni makaburi.

Alitoka bila kusema kitu. Chai yangu ilienda naye.

Simlaumu. Mathe alikuwa msichana wa shule mwaka 1994, wakati Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani Kenya, ikiongozwa na Askofu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilitolewa kwa umma mwaka 1999. Watoto wa miaka hiyo walilelewa kuogopa pete, michoro kwenye kanda za muziki, na zawadi za watu wasiowajua. Na si Kenya peke yake. Marekani kwenyewe, wazazi na makanisa walikuwa wanaushuku mchezo huu huu wangu, na mwaka 1995 kampuni ikafuta nyota ya pembe tano iliyokuwa kwenye mchoro wa kadi moja, Unholy Strength. Kadi ilibaki vile vile, nguvu ile ile, nyota tu ndiyo ilipotea.

Kwa hivyo leo nataka kuwapa historia ya hayo makaburi. Msimamo wangu nausema mapema ili tusipotezeane bundles: kila mtu anaogopa sehemu isiyofaa ya meza. Makaburi hayana shida. Kuna mahali pengine pabaya zaidi, na sisi watu wa Kericho na Bomet tunapajua kuliko wengi.

Jalala la 1993

Mchezo unaitwa Magic: The Gathering. Ulitoka Agosti 1993, kazi ya Richard Garfield, mtu wa hesabu, kupitia kampuni ya Wizards of the Coast. Kila mchezaji anakuja na deki aliyoijenga mwenyewe. Kadi za ardhi zinakupa mana, na mana ndiyo pesa ya kulipia kadi nyingine: viumbe wa kupigana, vifaa, na kadi za tendo ambazo zinafanya kazi mara moja kisha basi.

Kiumbe wako akiuawa, anaenda makaburini. Kadi ya tendo ikishatumika, makaburini. Ukilazimishwa kutupa kadi kutoka mkononi, makaburini. Ukiangalia haraka unaona ni kama pale nyuma ya jikoni tunapomwaga majivu. Kimeisha, kimeenda, tuendelee.

Lakini shika jambo moja ambalo wengi hulipita: makaburi yako wazi. Maktaba imefunikwa, mkono umefichwa, lakini makaburi yanalala uso juu na mtu yeyote mezani ana haki ya kuyasoma wakati wowote. Ni kumbukumbu ya kila kitu kilichotokea kwenye mchezo.

Na hata toleo la kwanza lilikuwa na mlango wa nyuma. Kadi inayoitwa Animate Dead ilikuwa inalipiwa mana mbili tu. Inamchukua kiumbe kutoka makaburi yoyote, yako au ya mpinzani, na kumrudisha uwanjani akiwa amepungukiwa nguvu kidogo. Haiulizi huyo kiumbe alikuwa wa mana ngapi. Wa mana mbili, wa mana nane, bei ni ile ile.

Tulia na hiyo hesabu. Ukimtoa mkononi, kiumbe wa mana nane unamsubiri zamu nyingi. Ukimtoa makaburini, analipiwa mana mbili. Swali likageuka kutoka "nitamlipia vipi?" likawa "nitamzika vipi haraka?"

Desemba 1993 likatoka toleo la Arabian Nights, na ndani yake kulikuwa na kadi ya ardhi ya ajabu, Bazaar of Baghdad. Haitoi mana hata moja. Unachota kadi mbili, halafu unatupa tatu. Kila ukiitumia, mkono wako unapungua kwa kadi moja. Mtu wa hesabu za dukani angekuambia hiyo ni biashara ya hasara. Leo bei ya Bazaar halisi inahesabiwa kwa maelfu ya dola, kwa sababu watu walikuja kuelewa kwamba zile kadi tatu hazijapotea. Zimewekwa benki.

Kuzika kwa makusudi

Mwaka 1997 mambo yakawa wazi. Katikati ya mwaka ikatoka Buried Alive: lipa mana tatu, chagua viumbe watatu kwenye maktaba yako, wazike wewe mwenyewe. Baadaye mwaka huo huo ikatoka Reanimate: lipa mana moja, mrudishe kiumbe, na ukatwe uhai wako kwa kiasi cha bei yake. Mwaka 2001 ikaja Entomb, mana moja, unachagua kadi yoyote kwenye maktaba na kuipeleka kaburini moja kwa moja. Mana moja kuzika, mana moja kufufua. Ndani ya zamu mbili jitu limesimama uwanjani na mpinzani bado anapanga ardhi zake.

Halafu Oktoba 2005 likatoka Ravnica, na huko kukawa na kundi la Golgari. Hawa kwenye hadithi ya mchezo ni wakulima wa uozo. Wanaishi chini ya jiji, wanachukua kilichooza wanakigeuza chakula. Uwezo wao unaitwa dredge. Badala ya kuchota kadi moja juu ya maktaba, unamwaga kadi kadhaa za juu makaburini, na kadi yenye dredge inarudi mkononi. Mkubwa wao, Golgari Grave-Troll, anamwaga sita kwa mpigo. Wachezaji wakaacha kuchota kadi kabisa. Makaburi yakawa ndiyo mkono wao.

Huyo Troll mwenyewe ana historia tamu. Ligi ya Modern ilipoanzishwa mwaka 2011, alikuwa kwenye orodha ya waliopigwa marufuku. Januari 2015 akaachiliwa. Januari 2017 akafungiwa tena. Kadi ya kufufuka ilifufuliwa na wenye mchezo, wakajuta, wakaizika mara ya pili.

Mpaka hapo unaweza kudhani mimi nilisoma haya yote nikaelewa. Hapana. Nilielewa kwa Gogo, kwenye chai.

Matawi ya Gogo

Nyumbani ni Konoin, upande wa Bomet, na chai ya Gogo inaenda kiwanda cha Mogogosiek. Si shamba kubwa. Kila baada ya miaka kama mitatu au minne lazima ipogolewe, ama kupruniwa kama tunavyosema sisi. Usipofanya hivyo, kichaka kinapanda hadi mchumaji hafikii juu, na majani yanakuwa machache na magumu. Kwa hivyo unachukua kisu unakata kila kitu mpaka kibaki kisiki cha kufika magotini. Shamba lililokuwa kijani kama zulia linageuka kuwa vijiti. Mgeni akipita anaweza kudhani kuna mtu amekuja usiku na hasira.

Na hapo ndipo uchungu uko. Kichaka kilichokatwa hakichumwi kwa miezi. Hakuna kilo za kupeleka kituoni, hakuna malipo ya mwezi kwa hicho kipande, na bonasi ya mwaka huo inasikia. Ndiyo maana watu wengi huahirisha kupruni mpaka chai inawashinda.

Nikiwa darasa la sita nilitaka kusaidia. Matawi yalikuwa yamelala kati ya mistari, mengi, nikaanza kuyabeba kupeleka jikoni yawe kuni. Gogo akanipigia kelele kutoka mwisho wa shamba. "Acha hapo! Hizo si zako. Ni za chai."

Sikuelewa. Akanirudisha pale, akafukua na kidole chake kikavu mahali palipokatwa miaka ya nyuma. Udongo ulikuwa mweusi, umelegea, una minyoo. Matawi yale yanaoza pale pale yanalisha mizizi iliyoyazaa. Yanazuia magugu, yanashika maji. Ukiyabeba unapata moto wa wiki moja na unanyima kichaka chakula cha miaka.

Nilipoanza kusoma kuhusu Golgari, miaka kumi baadaye, niliona wanaongea kama Gogo.

Nilivyoijenga

Kadi zangu za kwanza zililetwa na binamu yangu aliyeenda Marekani kwa mbio, kama vijana wengi wa huku. Alirudi likizo na mfuko wa kadi kuukuu kutoka kwa rafiki zake wa chuo. Ndani yake kulikuwa na Meren of Clan Nel Toth, kadi ya 2015, na ndiyo iliyoniteka.

Tunacheza Commander. Deki ni kadi 100, hakuna kurudia kadi isipokuwa ardhi za kawaida, na mmoja anakuwa kiongozi anayekaa pembeni akisubiri kuitwa. Meren kazi yake ni hii: kila kiumbe wako mwingine akifa, wewe mchezaji unapata alama moja ya uzoefu. Kila mwisho wa zamu yako unachagua kiumbe mmoja makaburini. Kama bei yake haizidi alama zako, anarudi uwanjani bure. Ikizidi, anarudi mkononi. Na alama hizo ziko juu yako, si juu ya Meren. Hata akiuawa, uzoefu wako haufutiki.

Zilizobaki nilizipata kwa njia ya wenye mfuko mwepesi. Unaprinti kwa saiba, unakata kwa makasi, unaweka juu ya karata za dukani ndani ya vifuko vya plastiki. Kwenye mashindano rasmi hawakubali. Kwa kucheza na mabeshte sebuleni, hakuna atakayekufunga.

Deki ya kwanza ilikuwa noma, noma mbaya. Nilijaza majitu, kama kumi na nane hivi, wote wa bei kali. Wakanilalia mkononi mchezo mzima kwa sababu sikuwa na njia ya kuwafikisha makaburini. Deki ya pili nikaruka upande mwingine: njia tele za kumwaga kadi, njia chache za kuzirudisha. Nilikuwa na makaburi mazuri sana. Nikapoteza nikiwa nayaangalia.

Ya tatu ndiyo ilikaa. Kwa anayetaka kuanza, hesabu yangu ni hii: ardhi 37, kadi 12 za kujaza makaburi, kadi 10 za kufufua, kadi 8 za kukuwezesha kuwatoa viumbe wako kafara wakati unaotaka, viumbe wadogo wa kazi 20, majitu 5 pekee, kadi 7 za kujilinda, na Meren mwenyewe. Jumla 100.

Hapo siri ni wale wadogo 20. Chukua Sakura-Tribe Elder. Bei mana mbili. Unamtoa kafara, anakutafutia ardhi. Meren anamrudisha. Unamtoa tena. Au Spore Frog, chura wa mana moja: ukimtoa kafara, mapigano ya zamu hiyo hayamuumizi mtu. Anarudi, anakufa, anarudi. Watu wanakuja na majitu yao ya moto, na mimi niko na chura. Anayeanza anadhani deki ya makaburi inashinda kwa lile jitu moja la kutisha. Inashinda kwa vile vidogo ambavyo hakuna mtu angejali kuvifukia.

Kwa mwezi mzima nilikuwa mfalme wa meza yetu. Halafu beshte yangu akaja na kadi moja.

Mahali pabaya zaidi

Kadi hiyo inaitwa Rest in Peace, ya mwaka 2012. Ukisoma jina ni kama la msibani, la heshima tu. Inafanya mambo mawili. Ikiingia uwanjani, makaburi yote ya wachezaji wote yanaondolewa. Na kuanzia hapo, kadi yoyote iliyokuwa iende makaburini haifiki. Inaenda mahali pengine kunakoitwa uhamisho.

Uhamisho haukuwa na jina hilo zamani. Mpaka mwaka 2009, kadi ziliandikwa kwamba kitu hiki kimeondolewa kwenye mchezo. Hivyo tu. Halafu wakabadilisha neno, lakini maana ikabaki: ukishapelekwa huko, kwa kawaida hurudi. Silaha hizi si mpya. Tangu 1994 kulikuwa na Tormod's Crypt, kadi ya bei ya sifuri inayofagia makaburi ya mtu mzima mzima. Wenye mchezo walijua mapema kwamba kuua peke yake hakutoshi.

Sasa sikia kile kilichoniumiza. Kwenye sheria za mchezo, kiumbe "kufa" maana yake ni kutoka uwanjani kwenda makaburini. Rest in Peace ikiwa mezani, hakuna kiumbe anayefika makaburini. Kwa hivyo hakuna anayekufa. Chura wangu akitolewa kafara, Meren hapati habari. Siongezi alama. Hakuna msiba, hakuna kumbukumbu, hakuna wa kumrudisha. Wanatoweka tu.

Nikamwambia beshte, "Buda, hii kadi ni roho mbaya. Si ungeniua tu?"

Akacheka kidogo. Akasema, "Kuua kwenu kunarudi. Sisi walituelewa mapema."

Nikanyamaza, kwa sababu beshte yangu ni wa ukoo wa Talai. Kama unatoka huku, hapo tayari umebadilisha mkao kwenye kiti. Kama hutoki huku, nitakueleza.

Talai ndio ukoo uliotoa orgoik, viongozi wa kiroho wa Wanandi na Wakipsigis. Waingereza waliwaita laibon, jina la Wamaasai. Koitalel arap Samoei aliongoza Wanandi kupinga reli na ukoloni kwa karibu miaka kumi na moja. Tarehe 19 Oktoba 1905 alienda kukutana na Richard Meinertzhagen kwa kile kilichoitwa mazungumzo ya amani, akapigwa risasi. Lakini ukoo ulibaki, na uongozi ukapata wa kuurithi. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, akakamatwa mwaka 1923 na hakuachiliwa hadi 1964. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Upande wa Kipsigis, mwaka 1914 Kipchomber arap Koilegen na ndugu zake waliondolewa kwao wakapelekwa mbali, upande wa Mlima Kenya.

Serikali ya kikoloni ikaona kwamba kuua mmoja, kufunga mmoja, kuondoa watatu, hakumalizi. Kila wakizika wanaona amerudi mwingine. Kwa hivyo mwaka 1934 ikatunga sheria maalumu ya kuwaondoa laibon, ikachukua ukoo mzima wa Talai wa Kericho. Wazee, akina mama, watoto wachanga. Ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, ambako leo ni kaunti ya Homa Bay. Watu waliozoea ukungu na baridi ya huku wakapewa joto, mbung'o na malaria. Huku nyuma, kampuni za chai zilikuwa zimeshaanza kupanda tangu katikati ya miaka ya 1920, na vilima vikawa vinakuwa kijani sawasawa, mstari kwa mstari.

Iangalie tena meza. Mwaka 1905 walitumia kaburi. Mwaka 1934 walitumia uhamisho. Mtu aliyezikwa kwao ana kaburi, ana mti juu yake, ana wajukuu wanaopita hapo wakitajiwa jina. Koitalel ana jumba la makumbusho Nandi Hills leo. Lakini watoto waliokufa Gwassi, ni nani hapa kwetu anapita juu ya makaburi yao akaambiwa walikuwa wa nani?

Walirudishwa Kericho karibu na uhuru, mwaka 1962. Walikuta ardhi ina wenyewe wengine. Wengi wakabanana mjini, na wajukuu zao wako hapo mpaka leo. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa kihistoria. Mwaka 2022 madai yao yakafikishwa kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Beshte yangu amezaliwa mjini, babake amezaliwa mjini. Ekari za familia yao ni za kusimuliwa.

Na hapa lazima niseme kitu kuhusu sisi wenyewe, kwa sababu ni rahisi kumwachia Mwingereza mzigo wote. Kwetu Talai wanaogopwa. Wanasema wana laana ya mdomo, kwamba usiwakosee, usiwachukulie kitu, na kuoana nao ufikirie mara mbili. Mathe hajawahi kumtukana beshte yangu. Anamsalimia vizuri, anamwekea chakula. Lakini nilipokuwa form two aliwahi kuniambia, polepole, "Huyo kijana msikosane." Ile sauti ndiyo ile ile aliyotumia siku alipoona makaburi kwenye sakafu yake.

Kadi ya mia

Jumapili iliyofuata beshte alikuja kwetu. Gogo alikuwa amekaa nje anaota jua. Akamwuliza, kama wazee wanavyouliza kila mtu, "Wewe ni wa nani?" Beshte akataja jina la babu yake. Nilimwona mathe mlangoni ameshika sufuria, hasogei.

Gogo akafikiri kwa muda. Akasema, "Huyo nilimwona wakati wanarudi. Nilikuwa msichana. Walipita barabarani na vitu vichache sana. Mama yangu alituambia tuingie ndani." Akanyamaza tena. "Tuliingia ndani."

Hakuongeza kitu. Mathe akarudi jikoni, na safari hii chai ilikuja, vikombe vinne, akakaa nasi. Akauliza kadi ile inayofagia makaburi ni ipi. Beshte akamwonyesha. Akaisoma yote, mstari kwa mstari, akasema, "Hii ndiyo mbaya." Nikamwambia ndiyo, mathe, hii ndiyo mbaya.

Usiku huo nilitoa jitu moja kwenye deki yangu, yamebaki manne. Nafasi yake nimeweka Riftsweeper, kadi ya mwaka 2007, ya rangi ya kijani, mana mbili, kiumbe mdogo wa kawaida. Akiingia uwanjani, unachagua kadi moja iliyo uhamishoni, uso juu, na mwenye kadi anairudisha ndani ya maktaba yake na kuichanganya. Ni mojawapo ya kadi chache sana kwenye mchezo mzima zinazoweza kufika huko.

Angalia lakini inakorudishwa. Si uwanjani. Si mkononi, wala makaburini kwako. Inachanganywa katikati ya zingine, na hujui utaichota lini au kama utaichota kabisa. Beshte aliposoma hilo alisema, "Ni kama sitini na mbili." Nikasema ndiyo. Akasema, "Sawa, weka. Afadhali hiyo."

Kwa hivyo wewe unayetaka kujenga deki ya makaburi, hesabu nimekupa hapo juu, iko huru, ibadilishe utakavyo. Kama meza yenu haina Rest in Peace, wacha nafasi ya mia iwe ya jitu, ufurahie. Lakini kama una Gogo au Kugo ambaye bado yuko, muulize kitu kimoja kabla hujaenda saiba kuprinti: ni akina nani waliopita kwenye hiyo barabara yenu, na nyinyi mlikuwa wapi walipopita. Mimi nilikuwa na miaka 22 kabla sijauliza.

Jumamosi tunacheza tena, kwetu. Mathe amesema nipige deki kwanza.